Kuwa na chombo chako mwenyewe baharini: maswali ninayoulizwa kila siku

Mimi nipo Nungwi, kaskazini ya Unguja, nina mashua ya mbao ya futi 26, jina lake Subira, huu mwaka wa 11 niko nayo. Kila wiki kuna mtu ananiuliza mambo ya vyombo, wengine wanataka kununua, wengine washanunua na sasa hawalali usingizi. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi rudi, nimejibu kwa ninavyojua na kwa yalonikuta.

Ngalawa, dau, mashua, jahazi, mimi kinanifaa kipi?

Jiulize kwanza unakwenda kufanya nini na una watu wangapi wa kukusaidia kuvuta chombo. Ngalawa ni gogo moja limechongwa, mara nyingi la mwembe, na marengu mawili pembeni yanaizuia isipinduke, watu wawili watatu mnaisukuma wenyewe mpaka majini na mnarudi nayo hivo hivo. Kwa mishipi na madema karibu na mwamba inatosha kabisa. Mashua ni chombo cha mbao zilizopigiliwa kwenye mataruma, zile mbavu zake za ndani, tezi yake, yaani nyuma, imekatwa bapa kwaio mashine ya kufunga nyuma inakaa vizuri, inabeba watu na nyavu na barafu. Dau limechongoka mbele na nyuma. Jahazi ni kubwa, hilo ni la mizigo, na ukitaka jahazi ujue umeajiri familia nzima. Mtu anaeanza namwambia aanze na ngalawa hata mwaka mmoja tu, kwa sababu itamfundisha maji, na bahari haijali una pesa kiasi gani.

Mbao au faiba?

Faiba haiozi, haitobolewi na wadudu, na haitaki kalafati, kule kuzibwa mianya. Ukiwa na shughuli ya kubeba wageni kila siku na hutaki maneno mengi, chukua faiba. Lakini nayo si kwamba haina kazi, jua linaichubua rangi inakuwa kama chokaa, ikigonga jiwe inapata nyufa ambazo maji yanaingia taratibu ndani ya matabaka alafu inavimba malengelenge, na fundi wa rezini anaejua kazi si kila diko, pale vyombo vinaposhushia samaki, yupo. Mbao ikivunjika hapa kwetu kuna mafundi wa kurithishana, baba na babu zao walikua wanaunda hapa hapa ufukweni, ubao mmoja ukioza unatolewa huo mmoja unawekwa mwengine, chombo kinaendelea. Mimi ni mtu wa mbao. Subira kati ya mbao zake za mwanzo sidhani kama zimebaki nusu, na bado ni Subira.

Nimepata mashua ya mtumba, nikague nini?

Nenda maji yakiwa yamepwa, chombo kikiwa kimelala mchangani, usikubali kuoneshwa kikiwa kinaelea. Chukua kisu chembamba. Anza na mkuku, mana mkuku ndo uti wa mgongo, ukiwa umeoza hapo hununui mashua unanunua kuni. Choma choma kisu pale mbao zinapokutana na mkuku na pale kwenye ngama ambapo maji machafu yanalala, kisu kikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, shukuru Mungu ondoka. Alafu angalia vichwa vya misumari. Ukiona michirizi ya kutu inashuka kwenye ubao ujue misumari si ile iliyochovywa zinki.

Hili lilinikuta mimi mwenyewe. Mwaka wa pili wa Subira fundi mmoja alinibadilishia mbao tatu za ubavuni akapigilia misumari ya kawaida, ya kujengea nyumba, mimi sikuangalia nikalipa. Haikufika miaka miwili misumari imeliwa na chumvi imebaki kama sindano, siku moja tupo nje ubao umeanza kupumua, yaani wimbi likija unaona unatoka na kurudi. Tulirudi tunafua maji wawili kwa ndoo njia nzima. Tangu siku ile misumari nanunua mwenyewe, na nakaa pale fundi anapopigilia.

Na mwisho ubonyeze mataruma kwa ndani, moja baada ya moja, usiruke hata moja.

Nikitaka kuunda kipya, mbao gani?

Mti mzuri wa mbao zilizo chini ya maji ni mvule, mbambakofi na mninga, bei yake imepanda sana na ndio haki yake kwa sababu miti ile inachukua umri wa mtu kukua. Mwembe na mfenesi vinatumika pia. Mataruma wanatafuta matawi yaliyopinda yenyewe, mkoko kwa mfano, kwa sababu mti uliopinda kwa asili hauvunjiki kama uliokatwa kwa msumeno kufuata pindo. Angalia lakini, mikoko huwezi kujikatia tu, ina ruhusa yake. Fundi anafanya kazi kwa tezo, msumeno, nyundo na jicho, hakuna ramani, anaipima mashua kichwani, na ukikaa nae siku nzima utaona anarudi nyuma hatua kumi, anafumba jicho moja, anakwenda kupunguza ubao unene wa kucha. Usimharakishe. Chombo kilichoundwa kwa haraka utakilipia wewe kila mwezi.

Chombo changu kipya kinavuja, nimeibiwa?

Hapana, kwanza tulia. Mbao zikikaa kavu zinasinyaa, mianya inafunguka. Ukikishua, yaani ukikitia majini, kinaingiza maji, siku mbili tatu mbao zinakunywa zinavimba zinabana. Wengine wanakiachia kijae maji kwenye kina kifupi makusudi kisha wanafua. Ikifika wiki na bado unafua ndoo kwa ndoo basi hapo kuna mwanya haukuzibwa au kuna msumari haukukaa, mwite fundi.

Kukalafati ni nini hasa na naweza kufanya mwenyewe?

Ni kuziba ile mianya kati ya ubao na ubao kwa nyuzi za pamba zilizopakwa mafuta. Unazisokota kwa kiganja, unaziweka kwenye mwanya unazigonga kwa patasi butu. Kuna mlio wake, pamba ikiwa bado haijakaa mlio ni mzito kama unagonga godoro, ikikaa mlio unakuwa mkavu, tak tak, hapo unasogea. Mzee aliyenifundisha alikuwa anafanya kazi huku anazungumza na watu, haangalii hata patasi, anasikiliza. Unaweza kujifunza ndio, ila usigonge mpaka mwisho wa nguvu zako, mana mbao zikija kuvimba na pamba imejaa kupita kiasi zitasukumana zing'oe misumari.

Kila baada ya muda gani nikipandishe pwani?

Hili ndo swali kubwa na watu wengi wanalikwepa. Mimi Subira naipweleza kila mwezi, au nikichelewa sana kila wiki sita, na sikosi. Sababu ni wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Wamefanana na minyoo lakini ni jamaa wa chaza. Anaingia akiwa mdogo, tundu lake kwa nje ni kama limechomwa na pini, huwezi kuliona, akishaingia anakua ndani kwa ndani anakula ubao kufuata nyuzi zake. Ubao kwa nje ni mzima una rangi nzuri, ndani ni kama sega la asali. Nimewahi kushika ubao wa dau la jirani ukavunjika mkononi kama biskuti, na dau lile lilikua limetoka kuvua jana yake.

Kazi yenyewe iko hivi. Unasubiri bamvua, maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Kwetu huku siku za bamvua maji yanajaa kama saa 10, yanapwa kama saa 4, kwaio alfajiri kiongoze chombo mpaka juu kabisa, maji yakikimbia kinabaki mchangani, ukikiegemeza kwa magogo una asubuhi nzima ya kufanya kazi. Kwanza kukwangua, mwani na chaza wadogo wote chini. Alafu moto. Unawasha makuti makavu, unashika kwa mti mrefu unapitisha chini ya chombo taratibu, usisimame sehemu moja, ubao ukianza kutoa povu na kulia kidogo sogea. Moto ule unaua wadudu waliokwisha ingia na unakausha ubao. Harufu ya ubao wenye chumvi unaoungua na makuti kwangu mimi hakuna uturi unaoufikia, nasema kweli. Ubao ungali na joto ndo unapaka deheni, ile chokaa iliyochanganywa na shahamu, kwa mkono, unaisugua mpaka inaingia. Siku hizi wengi wanapaka rangi ya dukani ya kuzuia mwani, ni nzuri na inakaa muda mrefu zaidi, ila inataka ubao uwe mkavu sana na pesa iwe tayari. Juu ya maji ni sifa, mafuta ya ini la papa, inanuka lakini ubao unakunywa na jua haliupasui.

Angalizo moja ambalo litakuokoa. Usikipandishe siku ya kilele cha bamvua ukiwa na kazi ya siku nyingi. Bamvua likishapita kila siku maji yanafika chini kidogo kuliko jana, mpaka maji mafu, yale madogo kabisa, na chombo ulichokiweka juu kabisa hakitaguswa na maji mpaka bamvua jengine, karibu wiki mbili. Mimi niliwahi kubaki nchi kavu siku 13 kwa ajili ya ubao mmoja uliochelewa kuletwa, msimu wa dagaa, wenzangu kila usiku naona taa zao kule nje.

Mashine ya kufunga nyuma, nini kinaziua?

Chumvi na mafuta mabaya, hayo mawili. Chumvi kwanza. Ukirudi kila siku, si mara moja kwa wiki, iweke kwenye pipa la maji ya bomba iungurume dakika 10 ioshe njia zake za ndani. Angalia mashine inakojoa, lile tundu la nyuma linalorusha maji. Mkojo ukiwa mwembamba au unakatika, zima, impela, kile kijipira kinachosukuma maji, imechoka au kuna mchanga umeziba, ukiendelea dakika tano tu umeunguza mashine nzima kwa ajili ya kijipira. Nunua impela halali, za bandia zinafanana sana.

Mafuta sasa. Mashine nyingi za 2-stroke tunazotumia huku zinataka petroli 50 kwa oili 1, maana yake dumu la lita 20 unatia oili mililita 400, na mashine ikiwa mpya oili inakuwa zaidi kwa saa zake za mwanzo, soma kitabu kilichokuja nayo. Na oili iwe ya mashine za baharini, imeandikwa TC-W3 kwenye kopo, usitie ya bodaboda kwa sababu tu ipo karibu. Ukipunguza oili ili ubane matumizi mashine itakwenda vizuri sana wiki mbili, alafu itakufa mara moja.

Oili ya gia uifungue kidogo chini kila baada ya muda, ikitoka nyeupe kama maziwa maji yameingia, mpira wa pale kwenye propela umekatika. Ile zinki iliyofungwa chini usiipake rangi hata siku moja, kazi yake ni kuliwa na chumvi badala ya mashine. Na ikitokea mashine imezama, usiiache ikauke juani! Ioshe kwa maji ya bomba papo hapo, toa plagi, izungushe itapike maji, ipeleke kwa fundi siku ile ile.

Ya hospawa 15 ukifungua yote inakula lita kama 6 au 7 kwa saa, piga hesabu ya kwenda na kurudi kabla hujamuahidi mtu samaki.

Kwa hiyo tanga halina kazi tena?

Lina kazi sana na mimi silitoi ng'o. Mashine ikikufia Mkondo wa Pemba nani atakurudisha? Na petroli ikipanda wenye tanga tunakwenda. Tunza tu lisiote kawa, yale madoa meusi, ukilikunja bichi siku mbili tatu linaoza. Lianike, lishone likianza kuchanika na si likishachanika. Kamba ya foromali, ule mti unaobeba tanga, ubadilishe kabla ya kusi, upepo wa kusini, mana kusi halina huruma na kamba ya zamani.

Nipo Muscat (au Dubai, au London), naweza kununua chombo nimuachie ndugu yangu?

Nitasema ukweli na usinikasirikie. Pesa unaweza kutuma, jicho huwezi kulituma. Chombo kinataka mtu anaeamka saa 9 usiku mvua ya masika ikipiga, akaenda kufua maji, kwa sababu mashua iliyofungwa boyani ikijaa maji ya mvua inazama kimya kimya na mashine yake. Nimetoka kitandani kwa hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, mke wangu siku hizi ndo ananiamsha, ananiambia baba fulani mvua hio. Ndugu yako ana chombo chake, ana watoto, atakwenda akipata nafasi.

Na kukipandisha juu nchi kavu ukasema kimepumzika mpaka nirudi likizo, hapo ndo unakiua kabisa. Kuna jamaa yetu yupo ughaibuni, ana mashua nzuri ya mvule, ilikaa juani kaskazi mbili, ile misimu ya jua kali, bila kivuli bila maji. Aliporudi mianya inapita kidole, rangi imebanduka, kuku wametaga ndani. Alisimama pale akaipapasa tu bila kusema kitu, na sisi tukanyamaza nae. Alikuwa anatuma pesa ya matunzo kila mwezi.

Kama moyo wako umeshashika, nunua pamoja na mtu ambae riziki yake inategemea chombo hicho, umpe sehemu ya umiliki kwa maandishi, si mshahara. Mtu halindi cha kuazimwa kama anavyolinda chake.

Tukinunua watu wanne kwa pamoja?

Wahenga walishasema, nahodha wengi chombo huenda mrama. Mnaweza kuwa wanne kwenye pesa, lakini mwenye kuamua leo tunatoka au hatutoki, leo chombo kinapandishwa, awe mmoja. Muandikiane mapema nani atatoa nini mashine ikifa, kwa sababu itakufa.

Mgao wa samaki unakwendaje?

Kila diko na desturi yake. Sisi kwanza tunatoa gharama, petroli, barafu, chambo, chakula. Kinachobaki mafungu matatu, la chombo na mashine, la nyavu, na la mabaharia wanaogawana sawa isipokuwa nahodha ana nyongeza. Fungu la chombo watu wanalila, ndo kosa. Mimi kila fungu la chombo natoa robo naiweka kwa bi mkubwa wangu, hataki kusikia hadithi, mpaka nimuoneshe ubao uliooza.

Leseni na karatasi?

Zanzibar usajili na ukaguzi ni Mamlaka ya Usafiri Baharini, ZMA. Bara ni TASAC, Kenya ni KMA. Ukivua una leseni ya uvuvi mbali, ukibeba wageni masharti yake mbali. Fuatilia mapema, usingoje ukamatwe.

Laifu jaketi lazima? Babu zetu hawakuvaa.

Lazima. Babu zetu wengi hawakurudi pia. Sisi wa kaskazini tunaikumbuka Spice Islander, usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli imejazwa kupita uwezo wake ikazama kwenye mkondo wetu huu, watu kwa mamia wakapotea. Tangu hapo mtu akiniambia ongeza mmoja tu hatadhuru, nashuka mimi nampisha. Jaketi kwa kila kichwa, tochi, simu kwenye mfuko usioingia maji, ndoo mbili za kufulia, nanga yenye kamba ndefu. Na kusi ikichafuka, Juni mpaka Agosti, ubakie nyumbani sio aibu.

Na mateso yote haya, raha iko wapi?

Alfajiri, umande unavuma kutoka nchi kavu, tunatoka bila mashine. Tanga linatwekwa, foromali inapanda inalia kwenye mlingoti, upepo unalishika mara moja, paa, chombo kinainama kidogo na kuanza kukata maji, na hapo hakuna anaesema kitu. Demani, kamba ya kuongozea tanga, ipo mkononi mwangu, nahisi upepo kwenye kamba kama nimeshika hatamu ya mnyama. Mwanangu wa kiume ana miaka 12, mwaka huu nimempa usukani. Mara ya kwanza alikuwa anapigana nao, anausukuma huku na huku, nikamwambia baba acha, iache ikuoneshe inapotaka kwenda kisha wewe iombe kidogo. Akaacha, nikaona mabega yake yameshuka, uso umetulia, na Subira ikanyooka. Ile sura yake siku ile sitoisahau.

Kuna na raha nyengine ambayo mtu wa nje haioni. Siku ya kushua baada ya matengenezo makubwa, inasomwa dua, panapikwa pilau, na wanakuja watu hata uliogombana nao, wanashika kamba, mmoja anaitikiza na wote wanavuta, kile chombo kizito kinateleza juu ya magogo kama hakina uzito. Hujawalipa hata senti. Na wewe wakiita utakwenda.

Nikichoka nauza wapi?

Vyombo vinauzwa kwa mdomo, sema dikoni tu. Mwambie mnunuzi ubao upi mbovu kabla hajaugundua, mana utakutana nae baharini.

Naweza kuja kuona mnavyofanya kabla sijaamua?

Karibu sana. Angalia mwezi, bamvua lolote kuanzia saa 2 asubuhi utatukuta ufukweni chini ya tezi na makuti yetu. Vaa nguo usiyoipenda, sifa ikishika kitambaa haitoki, na njoo na njaa, kuna chai ya tangawizi na mihogo.